Shajara ya mradi: Caruso, santuri kwa santuri

Januari – mpango wenyewe

Kazi ni moja: kuzipanga santuri za Enrico Caruso, teno (sauti ya juu ya kiume) wa opera kutoka Italia, kwa tarehe alizoziimba, kuanzia Aprili 1902 mpaka Septemba 1920, na kuzisimulia kwa Kiswahili katika vipindi saba vya sauti. Hatutengenezi mkusanyiko wa nyimbo zake bora. Mikusanyiko hiyo ipo tele, na ndani yake santuri ya 1904 hufuatwa na ya 1917 kana kwamba zimeimbwa jioni moja. Msikilizaji huondoka akiamini kuwa teno huyu alizaliwa na ile sauti nzito inayojaza chumba. Hakuzaliwa nayo. Aliijenga kwa miaka mingi, na ujenzi wenyewe unasikika ukizifuata tarehe. Hilo ndilo ninalotaka vijana wa kwaya zetu walisikie, kwa sababu wengi wao wameshaambiwa kuwa hawana sauti.

Upatikanaji wa santuri si tatizo tena. Rekodi zilizotolewa kabla ya 1923 ziliingia kwenye mali ya umma Marekani tarehe 1 Januari 2022. Maktaba ya Bunge la nchi hiyo imeweka mtandaoni santuri nyingi za kampuni ya Victor, na Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, kinatunza orodha inayoonyesha kila wimbo ulirekodiwa siku gani na kwa bamba namba ngapi. Bila orodha hiyo mradi huu usingewezekana.

Uamuzi wa kwanza: hatutatumia matoleo ya 1932. Mwaka huo Victor waliichukua sauti ya marehemu na kuibandikia okestra mpya iliyorekodiwa kwa umeme. Masikioni ni laini zaidi, lakini sisi tunafuatilia badiliko la sauti ya mtu mmoja, na okestra ngeni inalifunika.

Februari – kipindi cha kwanza, Naples

Andiko limekamilika. Ugumu ulikuwa kuchuja, maana maisha ya utoto wake yamevikwa hadithi nyingi, nyingine alizisimulia mwenyewe. Iliyozagaa zaidi ni kwamba alikuwa mtoto wa kumi na nane kati ya ishirini na mmoja. Kumbukumbu za Naples zilipochunguzwa zilionyesha watoto saba, Enrico akiwa wa tatu. Tumeiacha hadithi na kuchukua kumbukumbu.

Alizaliwa 25 Februari 1873. Baba yake, Marcellino, alikuwa fundi wa kiwandani, na mwana naye akaingizwa kwenye kazi za vyuma mapema. Mama yake, Anna, alifariki 1888 mtoto akiwa na miaka 15. Aliimba kanisani, kisha kwenye mikahawa na sehemu za kuogea ufukweni ili apate pesa ya kula. Alipoitwa jeshini, ofisa mmoja kule Rieti alitambua kipaji chake, na mdogo wake Giovanni akaruhusiwa kutumikia badala yake. Nadhani hapo ndipo pa kusimama kidogo katika simulizi. Bila mdogo mtu aliyekubali kuvaa sare ya kaka yake, miezi ile ya mafunzo ingepotelea kambini.

Mwalimu wake Guglielmo Vergine hakumwona kuwa lulu. Sauti ilikuwa ndogo na ilikatika noti zikipanda. Hata hivyo alimfundisha kwa mkataba: robo ya mapato yake kwa miaka mitano ya kuimba. Ujanja ulikuwa kwenye maneno hayo ya mwisho. Zilihesabiwa siku za kuimba tu, kwa hiyo miaka mitano ingeweza kunyooka mpaka uzeeni. Kesi ilifika mahakamani, na Caruso akajikomboa kwa lira 20,000.

Alipanda jukwaani kwa mara ya kwanza Machi 1895, kwenye Teatro Nuovo ya Naples, katika opera ambayo leo haiimbwi na mtu. Mwaka huohuo akaenda kuimba Cairo. Kwa hiyo mara ya kwanza Caruso kulipwa kuimba nje ya Italia ilikuwa katika ardhi ya Afrika, jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita kwa mstari mmoja. Sisi tumelipa nafasi yake.

Baada ya hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Vincenzo Lombardi, kiongozi wa okestra, alimchukua kule Salerno akamrekebisha pumzi na noti za juu. Mwaka 1897 huko Livorno akakutana na Ada Giachetti, soprano aliyekuwa na uzoefu kumzidi. Wakaishi pamoja, wakapata wana wawili waliofikia utu uzima, na Ada akawa anapitia naye majukumu yake ya jukwaani. Novemba 1898, kwenye Teatro Lirico ya Milan, akaimba Loris katika opera mpya ya Giordano, Fedora, na kuanzia usiku ule majumba makubwa yakaanza kumtafuta. Hesabuni wenyewe: tangu aanze kujifunza mpaka hapo ni miaka saba hivi ya kukatika sauti na kuirudisha.

Machi – Milan, 11 Aprili 1902

Kipindi hiki nimekiandika kwa furaha kuliko vyote.

Fred Gaisberg, Mmarekani aliyekuwa fundi wa kurekodi wa kampuni ya Gramophone ya London, alifika Milan Machi 1902 na kumsikia Caruso La Scala, jumba la opera la mji huo, katika opera ya Franchetti, Germania. Akamwomba arekodi. Caruso alitaka pauni 100 kwa nyimbo kumi, zote ziimbwe mchana mmoja. Gaisberg alisimulia baadaye kwamba alipeleka simu ya maandishi London, akajibiwa kuwa bei ni kubwa mno na asirekodi. Alirekodi.

Chumba kilikuwa cha hoteli, Grand Hotel ya Milan. Piano iliinuliwa juu ya masanduku ili sauti yake iingie vizuri, na Salvatore Cottone akawa mpigaji. Pembe ya bati ilining'inia mbele ya mwimbaji. Ndani ya pembe hakuna umeme wala maikrofoni. Pumzi ya mwimbaji inatikisa kiwambo chembamba, kiwambo kinatikisa sindano, sindano inachora mfereji kwenye nta inayozunguka. Noti ikiwa kali, mwimbaji alitakiwa kurudi nyuma. Ikiwa ya upole, asogee. Akikohoa, nta nzima imeharibika.

Mashine ile ilikuwa na upendeleo. Soprano nyingi zilitoka nyembamba. Kontrabasi hazikusikika, na baadaye okestra za studio zikalazimika kuweka tuba mahali pake. Fidla nazo zikafungwa vijipembe ili sauti ielekezwe. Sauti ya teno ya Caruso, yenye kifua kizito chini na ukali wa kadiri juu, iliangukia palepale mashine ilipokuwa na uwezo. Ndiyo maana nabisha nikiambiwa kuwa gramafoni ilimtengeneza Caruso. Wapo mateno wengine waliosimama mbele ya pembe ileile na leo hawasikilizwi. Yeye alisimama pale akiwa tayari ameshafanya kazi ya Salerno na Livorno.

Kuna jambo moja linalotuhusu huku, nami nimelitia kwenye kipindi kwa sababu ni la kweli. Mwaka huohuo wa 1902 Gaisberg alisafiri na mitambo yake mpaka Calcutta na kurekodi waimbaji wa India. Kampuni hiyo ikajenga soko lake huko, na mwaka 1928 ikamrekodi Bombay binti wa Fumba, Unguja, aliyeitwa Siti binti Saad, akiimba kwa Kiswahili. Tofauti ni kwamba kufikia wakati wa Siti, kurekodi kwa umeme kulikuwa kumeshaanza, mwaka 1925. Caruso alikuwa amekufa. Hakuwahi kurekodi kwa maikrofoni hata santuri moja, na tunachokisikia leo ni kile tu kilichopita kwenye bati.

Aprili – mwendo wa santuri

Kazi ya ufundi, na ya kuchosha, lakini ndiyo uti wa mgongo wa mradi.

Watu husema santuri za zamani zinazunguka mara 78 kwa dakika. Si zote. Nyingi za Victor za enzi ya Caruso zilichorwa karibu na 76, na zile za Milan zinatofautiana zenyewe kwa zenyewe. Ukizichezesha zote kwa 78 unampandisha. Kila asilimia 6 ya mwendo ni nusu toni nzima. Asilimia mbili au tatu haziwezi kugunduliwa na msikilizaji wa kawaida kama noti, ila zinabadilisha rangi: sauti inakuwa changa, nyepesi, na mtetemo wake unaenda mbio. Mtu anayetaka kulinganisha sauti ya 1902 na ya 1911 bila kurekebisha mwendo analinganisha mashine mbili.

Njia tunayoitumia ni kuangalia ufunguo (kimo cha noti) aliouandika mtunzi, kisha kurekebisha mwendo mpaka piano au okestra ikae hapo. Tahadhari ni kwamba waimbaji walishusha ufunguo pale ilipowafaa, Caruso akiwa mmoja wao. Kwa hiyo ufunguo peke yake hautoshi. Tunasikiliza pia irabu: mwendo ukizidi, 'a' yake inabanwa na kuwa kama ya mtoto.

Kuhusu kusafisha mkwaruzo, tumekubaliana kuondoa kidogo sana. Mwaka 1976 Thomas Stockham wa Chuo Kikuu cha Utah alitoa santuri za Caruso alizozipitisha kwenye kompyuta ili kuondoa mlio wa pembe yenyewe, na matokeo yake yalishangaza ulimwengu wa rekodi. Ilikuwa kazi ya mtaalamu. Programu za siku hizi mikononi mwa mtu asiye na subira hukata mkwaruzo pamoja na ncha za konsonanti. Bora msikilizaji azoee mkwaruzo. Baada ya nyimbo mbili masikio yanauacha.

Mei – machozi yaleyale mara tatu

Leo tumemaliza kipande ambacho nadhani ndicho moyo wa vipindi vyote. Ni wimbo wa teno kutoka opera ya Donizetti, L'elisir d'amore, Una furtiva lagrima. Kijana maskini ameona chozi moja kwenye jicho la msichana anayempenda, na kwa chozi hilo anajua kuwa anapendwa. Caruso aliurekodi 1902 Milan, 1904 New York, na 1911 akiwa na okestra. Tumeipanga mitatu mfululizo, na maelezo mafupi tu katikati.

Wa 1902 ni mwepesi. Kuna sehemu anazipunguza mpaka karibu na mnong'ono, na anafanya haraka kidogo kana kwamba anaogopa nta itamalizika. Wa 1904, uliorekodiwa tarehe 1 Februari kwenye chumba kidogo ndani ya jengo la Carnegie Hall, unatulia. Pumzi imekuwa ndefu, anaunganisha sentensi mbili pale ambapo wengine hupumua katikati, na noti inakua polepole kisha inarudi bila kutikisika. Kama ningelazimika kuchagua santuri moja ya Caruso ya kumpa mwanafunzi, ningempa hii. Wa 1911 ni mtu mwingine. Sauti imekuwa pana na nyeusi, chini kuna uzito wa baritoni, na kijana wa Donizetti anaanza kusikika kama mtu mzima aliyewahi kuachwa.

Nilimpelekea mwalimu wetu wa kwaya, mzee aliyewafundisha mateno wa parokia yetu tangu sijazaliwa. Nilimwamkia, nikamwekea mitatu bila kumwambia miaka. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniambia: "Mwanangu, huyu wa kwanza ana sauti nzuri. Huyu wa pili ana pumzi. Huyu wa tatu ana mwili." Nikamweleza kuwa ni mtu mmoja. Akaomba turudie ule wa 1904, akawa anahesabu kwa kidole mahali anapovuta pumzi. Nimemwomba ruhusa tuyatumie maneno yake kwenye kipindi, naye ameridhia.

Kuhusu wimbo huu kuna usiku mmoja ambao hatukuweza kuuruka. Desemba 1901 Caruso, akiwa ameshashangiliwa La Scala kwa opera hiyohiyo, alirudi kuimba San Carlo, jumba kuu la mji wake. Watu wa Naples walimpokea kwa ubaridi, na wakosoaji wakamchambua. Akaapa kutoimba tena Naples, na hakuimba. Alirudi kula na kupumzika, na mwishowe kufa.

Juni – New York, na kisu

Kipindi cha nne kinabeba mambo mengi, kwa hiyo tumekuwa wakali. Alianza Metropolitan Opera 23 Novemba 1903 akiimba Mtawala wa Mantua katika Rigoletto, na jumba hilo likawa kwake kwa misimu 18, maonyesho zaidi ya 800. Tetemeko la San Francisco la 18 Aprili 1906 lilimkuta kitandani kwenye Palace Hotel, akiwa ameimba Carmen usiku uliotangulia. Tumelipa dakika moja. Vitisho vya majambazi wa Mkono Mweusi tumevitaja tu. Mashtaka ya mwaka 1906 kwenye bustani ya wanyama tumeyaacha kabisa, hayana sauti ndani yake.

Tulichokaa nacho ni 1908 na 1909. Ada aliondoka na dereva wao. Caruso aliendelea kuimba, maana mikataba ilikuwa imesainiwa, lakini koo likaanza kugoma, na masika ya 1909 akalazimika kukatisha msimu. Akaenda Milan, daktari akamkata kivimbe kilichoota kwenye nyuzi za sauti. Kwa mwimbaji hakuna neno la kutisha kuliko hilo. Magazeti yalimzika mapema.

Wengi husema kisu ndicho kilichoifanya sauti kuwa nyeusi. Mimi sikubali, na santuri zipo upande wangu. Sikilizeni Vesti la giubba ya Machi 1907, wimbo wa mchekeshaji anayejipaka unga usoni huku moyo unamvuja. Uzito umeshaingia pale, miaka miwili kabla ya upasuaji. Kilio cha kati, pale anapojiambia acheke, kimekaa chini kabisa ya kifua. Umri, majukumu mazito na huzuni vilikuwa vimeanza kazi kabla ya daktari.

Julai – majukumu mazito

Vipindi vya tano na sita vimerekodiwa, isipokuwa utangulizi wa sita.

Tarehe 10 Desemba 1910 alikuwa Dick Johnson katika onyesho la kwanza kabisa duniani la La fanciulla del West ya Puccini, Toscanini akiongoza okestra. Miaka iliyofuata akaongeza majukumu ambayo teno mwepesi hathubutu kuyagusa: Samson, nabii katika opera ya Meyerbeer, na Alvaro wa La forza del destino. Hii ya mwisho ilipandishwa Metropolitan 15 Novemba 1918, siku nne baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kusimama, na pembeni yake alisimama msichana wa miaka 21 aliyekuwa hajawahi kuimba opera popote, Rosa Ponselle. Caruso ndiye aliyemsikia na kumpigania.

Kitu cha thamani hapa ni santuri ya 1916 ambayo haikukusudiwa kuuzwa. Usiku mmoja huko Philadelphia, katika La bohème, mwimbaji wa besi Andrés de Segurola alipoteza sauti jukwaani. Caruso, akiipa hadhira mgongo, akamwimbia wimbo wake wa kuliaga koti kuukuu. Baadaye akaurekodi kwa ajili ya marafiki, kisha akataka bamba livunjwe, maana alisema hapendi kuwaharibia mabesi kazi yao. Nakala zikabaki. Ukiisikia baada ya ile ya 1902, huhitaji maelezo yoyote kuhusu safari ya sauti hii. Tumeiweka bila neno hata moja mbele yake.

Agosti – kipindi cha saba

Santuri zinaishia Septemba 1920, Camden, New Jersey. Siku tatu za kurekodi, na ndani yake Rachel, quand du Seigneur, wimbo wa Éléazar, baba Myahudi wa opera ya La Juive anayeona binti yake akienda kuuawa. Alikuwa na miaka 47. Sauti imejaa, nzito, na pumzi ile ya 1904 bado ipo, ila sasa inabeba mzigo.

Kilichofuata hakina sauti ya kukionyesha. Mapema Desemba nguzo ya jukwaa ilimwangukia akiimba Samson. Tarehe 11 Desemba huko Brooklyn, katika L'elisir d'amore, damu ilianza kumtoka kinywani. Wenzake walimpitishia vitambaa na taulo huku akiimba, mpaka onyesho likasimamishwa baada ya sehemu ya kwanza. Mkesha wa Krismasi akaimba La Juive, na huo ukawa usiku wake wa mwisho jukwaani. Usaha ulikuwa umejaa kwenye utando wa mapafu. Alipasuliwa mara kadhaa, akarudi Italia na mkewe Dorothy na binti yao mchanga Gloria, na akafariki Naples kwenye Hotel Vesuvio tarehe 2 Agosti 1921.

Ilipendekezwa tuweke muziki wa huzuni chini ya simulizi la Brooklyn. Nimekataa, na wenzangu wamekubali baada ya mjadala. Mapafu ndiyo yaliyokuwa chombo chake, na ndiyo yaliyougua. Msikilizaji aliyefuata pumzi hiyo kwa vipindi sita atalielewa hilo bila fidla.

Yaliyobaki: kurekodi upya utangulizi wa kipindi cha sita, kwa sababu ngurumo za jenereta la jirani zimeingia, kuhakiki mwendo wa santuri mbili za Milan ambazo piano yake bado haijakaa sawa na ufunguo, na kumpelekea mwalimu nakala kamili kabla ya kutoa. Ameomba kipindi cha tano akisikilize pamoja na mateno wote, Jumamosi baada ya mazoezi.